Daktari Aliyekataza "Bila Shaka"

Juu ya mlango wa karakana yangu hapa Kahama niliwahi kuning'iniza ubao ulioandikwa: BINGWA WA SHAFTI, TUNAPATIA KWA JICHO. Mchoraji aliniuliza kama kweli nataka maneno hayo. Nikamjibu bila shaka. Ubao ulikaa pale mpaka Daktari alipohamia chumba cha jirani. Siku ya kwanza alisimama chini yake, akausoma, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akausoma tena. Akaingia chumbani kwake. Wiki iliyofuata niliushusha mwenyewe, nikawaambia wateja umeliwa na mchwa. Ulikuwa ubao wa bati.

Hapa mjini tulimwita Daktari, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa daktari wa kusomea, si wa sindano. Kazi yake ilikuwa kupima vyuma kwa mwanga. Niliwahi kumwomba anieleze kwa lugha ya fundi, naye akanieleza kwa subira: unachukua mwale mmoja wa leza, unaugawa mara mbili, nusu inakwenda kwenye kioo kisichosogea, nusu inakwenda kwenye kitu unachokipima, kisha zote mbili zinarudi kukutana. Zikikutana kwa hatua moja, zinang'aa. Zikipishana hata kwa kitu kidogo kuliko unywele uliopasuliwa vipande mia, zinazimana, panatokea giza. Basi unasoma mistari ya mwanga na giza, na chuma kinakuambia umbo lake.

Nikamwambia nimeelewa. Jioni nikawa namweleza mke wangu, Mama Kulwa, na katikati ya maelezo nikagundua sijaelewa kitu. Yeye akaelewa. Akasema ni kama watu wawili wametumwa sokoni kwa njia mbili, ukitaka kujua njia ipi ndefu unawatazama wakirudi. Sentensi hiyo niliiiba, nikaitumia kwa wageni wa karakana kwa miaka mingi, na wengi waliondoka wakiamini mimi ni msomi.

Kabla ya kuja kwetu Daktari alifanya kazi nje, kwenye kiwanda cha injini za ndege, akipima mapanga madogo yanayozunguka ndani ya moto. Baadaye alirudi akafundisha chuo kikuu. Halafu, katika umri ambao wenzake walikuwa wanajenga nyumba za kupangisha, akaja Kahama na wazo moja lililomkosesha usingizi. Pampu za migodi na makarasha ya kusagia mawe yanavunjika kila siku, alisema, na kila kinapovunjika kifaa tunakiagiza ng'ambo. Kinapanda meli, kinapanda treni, kinakaa bandari kavu ya Isaka kikisubiri karatasi, na huku mgodi umelala. Yeye alitaka kile kilichovunjika kipimwe kwa mwanga hapa hapa, kichorwe kwenye kompyuta, kikatwe na mashine inayoongozwa na kompyuta hiyo hiyo, kipimwe tena, kifungwe. "Kimevunjikia Kahama," alisema, "kwa nini kikazaliwe baharini?"

Mashine ya kompyuta aliipata kwa kupiga hodi kwenye milango ya watu kwa miaka. Ya kukereza kwa mkono ilikuwa yangu. Kwa hiyo nilianza kuwaambia watu kwamba mimi na Daktari ni washirika. Daktari, akinitambulisha kwa wageni wake, alisema, "Huyu ni jirani."

Kifaa chake cha kwanza kufika kilikuwa meza, bamba nene la jiwe jeusi lililosuguliwa mpaka likawa kama maji yaliyotulia. Vyuma hupimiwa juu yake kwa sababu jiwe halijikunji kwa joto kama mbao au bati. Lilikuja kwa lori kutoka Isaka, likabebwa na wanaume wengi wakitembea taratibu, vichwa vimeinama kwa uzito. Mtaa mzima ukaona jiwe jeusi la kaburi linaingizwa nyumbani kwa mwanamke anayeishi peke yake. Kabla ya saa sita akina mama walikuwa wameshafika na kanga zao, wametandika mikeka uani, mmoja ameanza kulia. Daktari alitoka akawakuta. Badala ya kuwarudisha, alichemsha chai, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuja, akawaingiza wawili wawili kuwaonyesha jinsi jiwe lilivyonyooka. Bibi mmoja alilipapasa kwa muda mrefu, akauliza ni la nani.

"Ni meza ya kazi, mayu," Daktari akamwambia.

"Haya, wabeja," bibi akashukuru kwa Kisukuma. "Lakini mimi nikifa, nitalitaka kama hili."

Kulikuwa na wale pia waliosikia habari za "dakitali wa mwanga" wakadhani anatibu macho. Mzee mmoja alitoka Songwa, akaja kwa basi, jicho moja limefunikwa na utando mweupe. Siku hiyo kulikuwa na rola ya karasha mezani, na watu wa mgodi walikuwa wanapiga simu kila mara. Daktari alifunga maabara, akampeleka mzee hospitali Shinyanga, akakaa naye kwenye foleni mpaka alipoonwa. Aliporudi alikuwa amekasirika kupita kiasi, akanigombeza mimi kwa nini rola haijapimwa. Nikamkumbusha kwamba ufunguo alikuwa nao yeye. Akasema hiyo si sababu.

Ndivyo alivyokuwa, na sitaki mtu anisikilize akadhani nasifia malaika. Alikuwa mkali, na mara nyingine ukali wake haukuwa na haki. Binti mmoja mhitimu, aliyekuja kujifunza kwake, alitoka analia kwa sababu aliweka kikombe cha uji juu ya lile jiwe. Wauzaji wa vifaa waliovaa tai hakuwakaribisha hata kiti. Yeye aliyeweza kukuambia chuma kimepinda kwa kiasi kisichoonekana, wali wake ulikuwa ama uji ama kokoto. Nguzo ya geti langu aliigonga kwa gari lake mara nyingi hivi kwamba niliacha kuipiga rangi. Na kanisani aliimba kwaya kwa bidii kubwa, sauti yake ikitembea kando ya wimbo kama ng'ombe aliyekataa njia. Mwalimu wa kwaya alimpanga mwisho kabisa, karibu na dirisha. Siku moja nilijipa ujasiri nikamwuliza kama anajua kwamba anapotoka.

"Najua," akasema. "Sijui tu ni kwa kiasi gani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake yote. Kosa lipo, kazi yako ni kujua ukubwa wake. Kila kipimo kilichotoka kwake kilikuwa na sehemu mbili, urefu wenyewe na kiasi cha shaka yake. Ukimletea cha kwanza bila cha pili, alikurudishia, akisema hicho si kipimo, ni uvumi. Na kwa sababu hiyo alipiga marufuku, ndani ya maabara na hatua kadhaa nje yake, maneno "bila shaka".

Mtu asiye fundi hawezi kujua uchungu wa sheria hiyo. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonilisha. Mteja anauliza, fundi, itafika Ijumaa? Bila shaka. Itadumu? Bila shaka. Umeshawahi kutengeneza kama hii? Sasa nikawa naanza, "Bila..." halafu nageuka, naona miwani imeinuka dirishani, namalizia, "Bila ya kukuficha, ndugu yangu, sijui." Wateja wengine walikwenda kwa mafundi wenye uhakika. Waliobaki walianza kuniuliza maswali ya heshima, na mimi sikuwa nimezoea.

Sasa nieleze siku ya shafti, ambayo watu wa migodini bado wanaisimulia, kila mmoja kwa namna yake.

Mgodi mmoja wa kati, upande wa Geita, ulituletea shafti ya winchi, ule mhimili wa chuma unaozunguka. Winchi hiyo ilishusha kizimba cha watu shimoni na kuwapandisha. Shafti ilikuwa imelika pale inapokaa kwenye beringi, na ikilika pale inaanza kucheza, na ikicheza inajila yenyewe mpaka siku kizimba kinapoachia. Niliijaza kwa kuchomelea, nikaikereza, Daktari akaipima kwa mwanga, akaipitisha kwa saini yake. Wakaja wakaichukua, wakaifunga, watu wakashuka kazini.

Asubuhi moja baada ya hapo umeme ulikatika mtaani. Daktari aliingia maabara kiyoyozi kikiwa kimezima, chumba kimekuwa tanuri. Akatazama kipimajoto ukutani: nyuzi ishirini. Akakigonga kwa ukucha: ishirini. Akakitoa nje, akakishika juani mbele ya karakana yangu. Ishirini.

Alikuja nacho mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake umepungua damu. Akanieleza kwa sauti ya chini. Chuma kikipata joto kinanenepa, hata kama jicho halioni. Ikiwa chumba kilikuwa cha moto siku ile tulipopima, na kipimajoto kikadanganya, basi shafti tuliyoiona nene vya kutosha ni nyembamba kuliko tulivyoandika. Hakujua kifaa kiliharibika lini. Huenda jana. Huenda kabla ya shafti.

Nilimwambia, kwa hekima yangu yote, kwamba winchi inafanya kazi, na tusubiri tuone. Akapiga simu mgodini. Meneja akasema winchi inakwenda vizuri, zamu iko chini, na hawezi kusimamisha kazi kwa ajili ya kitu kilicho ukutani Kahama. Daktari akakata simu, akaja akakaa kwenye gari langu, kiti cha mbele, akajifunga mkanda. Hakuniomba. Nilitafuta ufunguo polepole sana, lakini niliupata.

Njiani mimi niliongea kwa ajili ya watu wawili, habari za mvua na bei ya mpunga, huku kichwani nikipanga maneno ya kuokoa kazi yetu. Tulipofika getini mlinzi aliuliza sisi ni nani. Daktari akajitaja. Mlinzi akanigeukia. Mimi niliyejiita mshirika kwenye kila harusi na kila msiba wa wilaya nzima, mdomo wangu ulisema wenyewe, "Dereva."

Daktari hakugeuza shingo. "Dereva," akasema, "ingiza gari."

Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha winchi, akasimama karibu na mwendeshaji, mtu wa makamo aliyekuwa anatafuna kijiti, akamwomba asiguse usukani wa winchi mpaka waongee. Meneja akaja mbio, amevaa kofia ngumu upande. Nilisimama nyuma ya Daktari kwa umbali unaomfaa dereva.

Meneja alikuwa mtu mwenye adabu, na hasira yake aliishika kwa mikono miwili. Akauliza, "Daktari, unaniambia shafti ni mbovu?"

"Sijasema ni mbovu."

"Ni nzima?"

"Sijui. Nilikuandikia kwamba najua, na sasa sijui. Kwa hiyo nimekuja kuchukua saini yangu."

Meneja aliangalia mlima wa mawe, akaangalia simu yake. Bila saini hakuwa na ruhusa ya kushusha wala kupandisha mtu, yeye alijua, na mwendeshaji wa winchi alijua pia, maana alikuwa ameshatoa kijiti mdomoni na kuondoa mikono.

Watu waliokuwa chini walipanda kwa ngazi. Ni kazi ndefu, ngazi juu ya ngazi, maji yanadondoka mgongoni. Walianza kutokea mmoja mmoja, wamelowa tope, wakitweta, na matusi yao niliyasikia kabla sijaona sura zao. Daktari angeweza kukaa ofisini. Alisimama mdomoni mwa shimo, akampa pole kila aliyetoka. Mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alisimama mbele yake akapumua kwanza.

"Mama," akasema, "tumepanda ngazi zote hizi kwa ajili ya kipimajoto?"

"Ndiyo, baba. Kosa ni langu. Poleni."

"Na hiyo shafti, ingetuua?"

"Kesho nitajua."

Mzee akakaa chini, akavua buti, akamwaga maji. Kisha akasema haya, wataisubiri hiyo kesho, ila chai iwepo. Chai ikaletwa. Na mimi nilipewa, kwa sababu Daktari alimwambia mpishi asimsahau dereva wake.

Tulirudi Kahama na shafti. Umeme ulikuwa umerudi, na kipimajoto kipya kililetwa kwa basi kutoka Mwanza. Shafti ililala juu ya jiwe jeusi mpaka siku ya pili, ipate ubaridi wa chumba mpaka moyoni. Daktari alipima, akapima tena, akanituma nikafunge mlango ambao ulikuwa umefungwa. Mimi nilikuwa naomba Mungu iwe mbovu. Ndiyo, nilimwomba Mungu shafti niliyoikereza kwa mikono yangu iwe mbovu, ili angalau tuonekane mashujaa.

Ilikuwa nzima, hata kwa hesabu mpya.

Nilikaa kwenye ndoo nikashika kichwa. Tumesimamisha mgodi, tumepandisha watu ngazi, kwa ajili ya chuma kizima. Nilipoinua macho nikakuta Daktari anatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, akiipapasa shafti kwa kiganja kama mtu anavyompapasa ndama aliyezaliwa salama.

"Sasa najua," akasema. Akaenda kupika wali kusherehekea, tukaula hivyo hivyo.

Meneja aliifunga shafti yake, na kazi zilizofuata akazipeleka Mwanza bila kutuaga. Tulikaa muda mrefu bila kazi ya mgodi wowote, maana habari husafiri. Daktari alipima rola za mashine za kukoboa mpunga, kwa leza ile ile iliyopima injini za ndege, na kwa uzito ule ule. Mimi alinikalisha kwenye cheo cha dereva mpaka Krismasi. Mtu mmoja tu wa kule hakutuacha, naye ni yule mwendesha winchi. Alikuwa anapiga simu asubuhi kabla ya zamu. Haulizi habari za nyumbani wala za mvua. Anaamkia, halafu anauliza, "Daktari, leo unajua au hujui?" Daktari anajibu, "Leo najua," naye anashukuru, anakata.

Baada ya mwaka na zaidi, asubuhi moja lori lilisimama nje likiwa na shafti mbili za mgodi ule. Hakuna aliyeeleza kitu, na Daktari hakuuliza. Aliniambia nizipokee na nisiweke uji karibu.

Aliondoka Kahama nguvu zilipopungua, akahamia Shinyanga mjini. Maabara akamwachia yule binti wa kikombe cha uji, ambaye sasa ni mkali kumshinda.

Nilimwona tena mwaka jana, kwenye sendofu ya kumuaga binti yangu Kulwa kabla ya harusi. Nilimpelekea kadi bila matumaini, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Alikuja, amevaa gauni la kitenge cha njano, amekaa meza ya wazee. Mshereheshaji alimkaribisha aseme neno, akamtambulisha kama daktari bingwa wa macho. Daktari hakumsahihisha. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaeleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia wala kumwuliza: sababu ya kuchagua chumba cha jirani yangu.

Alisema alipofika Kahama mara ya kwanza alizunguka karakana za mji, akiwauliza mafundi swali moja: ukikereza shafti, unakosea kwa kiasi gani? Wote walimwambia hawakosei. Mmoja alimfukuza. Fundi mmoja peke yake aliacha kazi, akamtazama usoni, akasema, "Sijui, mama, subiri kidogo." Ndipo akaona amepata mtu wa kufanya naye kazi. "Baba huyu," akasema, akinionyesha, "ni mkweli. Na binti amelelewa na mkweli."

Ukumbi ukapiga makofi. Wakwe wapya wakaniangalia kwa heshima. Mama Kulwa aliniangalia pia, lakini yeye ananijua, na jicho lake lilikuwa na swali.

Mimi nilikuwa naikumbuka siku hiyo. Mashine yangu ilikuwa inanguruma, beringi yake mbovu, na mama mmoja mwenye miwani akaja mlangoni, midomo inacheza. Sikusikia hata neno, nikajibu la kwanza lililonijia mdomoni.

Chakula kilipoanza nilibeba sahani yangu nikaenda kukaa karibu naye. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia, "Daktari, siku ile sikusikia swali."

Kijiko kikasimama hewani. "Ulidhani nimeuliza nini?"

"Choo kiko wapi."

Alikirudisha kijiko kwenye sahani. Nikajuta kusema. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka taratibu, kikampanda mpaka akavua miwani kufuta machozi. Watu wa meza nyingine wakageuka.

"Na kama ungesikia," akauliza alipopata pumzi, "ungenijibuje?"

"Ningesema sikosei."

"Ningeondoka."

"Kwenda wapi?"

"Mwanza. Nilikuwa nimeshakata tiketi, basi linatoka saa nane."

Muziki ulikuwa umepanda, na mshereheshaji alikuwa anamwita baba wa binti aje kucheza. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nawaza lile jiwe jeusi likishushwa mji mwingine, mbele ya karakana ya mtu mwingine, na mimi niko chini ya ubao wangu wa bati mpaka leo, napatia kwa jicho. Wakaita mara ya pili. Daktari akanisukuma bega.

"Nenda, Baba Kulwa," akasema. "Hawajui kama unajua kucheza."

Nikaenda. Sasa wanajua.